Wazee wanataka tuyamalize kifamilia, mtoto ana miaka 13. Naombeni ushauri

Shangazi Mtu:
Wakuu, niende moja kwa moja. Binti wa marehemu kaka yangu ana miaka 13, anaishi na mama yake huku mkoani Morogoro. Jana jioni alitumwa unga, mwenye duka akamwita ndani akambaka. Mzee mwenye wajukuu! Mtoto alimwambia mama yake usiku uleule. Leo asubuhi nafika nakuta kikao kimeshakaa: baba mkubwa, balozi wa nyumba kumi na ndugu wa yule mzee. Wamekubaliana laki nane na mbuzi, karatasi imeandikwa, mzee katia sahihi, bado wifi yangu tu. Wifi analia, duka hilohilo ndilo linalomkopesha. Baba mkubwa kaniambia mimi nimeolewa, ya hapa hayanihusu. Hospitali hajapelekwa. Naogopa nikienda polisi wataniuliza we nani. Nifanyeje?

Nesi wa Zamu:
Pole sana dada. Kikao waachieni wenyewe, wewe angalia saa. Dawa za kinga ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri mnavyochelewa ndivyo zinavyopungua nguvu. Ya kuzuia mimba nayo ni mapema iwezekanavyo, isizidi siku tano. Kama hajaoga asioge, kama kaoga mleteni hivyohivyo. Nguo alizovaa msifue, tieni kwenye bahasha ya kaki au gazeti, siyo rambo, zinavunda humo. Kituo cha polisi kikiwa njiani piteni Dawati la Jinsia na Watoto mchukue PF3, ile fomu ya polisi ya kupeleka hospitali. Kikiwa mbali, anzeni hospitali. Na mtoto asihojiwe na kila shangazi na mjomba, atachoka kabla hajafika kwa anayetakiwa kumsikiliza.

Kibarazani:
Nisikufiche dada. Kesi hizi ni nauli tu, njoo leo, njoo mwezi ujao, mara daktari hayupo, mara shahidi kasafiri. Mtoto anachekwa shuleni, mzee anarudi dukani kwake. Laki nane ingemhamisha shule. Mnisamehe, ndivyo nilivyoona mtaani kwetu.

Mama Wawili:
Kibarazani, huyo atakayemcheka pengine naye ana lake moyoni. Utafiti wa kitaifa wa 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na mvulana 1 kati ya 7. Hesabu hiyo ndani ya darasa moja uone. Na mwenye duka akishajua bei ni laki nane, kesho atatumwa unga mtoto wa nani?

Masjala:
Nimefanya kazi mahakama ya wilaya miaka mingi. Kibarazani hajadanganya, kesi hizi zinaanguka. Ila nyingi zinaangushwa na vikao kama hicho: mama kapokea, siku ya ushahidi haonekani, mwendesha mashtaka anabaki na jalada tupu.

Dada, kwa mtoto wa miaka 13 hakuna cha "alikubali". Tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 adhabu haishuki chini ya miaka 30, na mahakama huamuru fidia juu ya kifungo. Kwa hiyo anayewaambia mchague fidia au jela anawapunja. Tena kupokea fedha ili kosa kubwa kama hilo lifichwe ni kosa la jinai, balozi akumbushwe hilo kwa upole. We nani? Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa, sembuse shangazi. Ukikwama piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Sasa jambo ambalo watu hawaambiwi: umri. Nimeona wafungwa wanaachiwa kwenye rufaa kwa sababu hakuna aliyethibitisha mtoto ana miaka mingapi. Tafuteni cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, na mama aseme umri huo kizimbani kwa mdomo wake. Mtoto naye, kabla ya kutoa ushahidi, lazima aahidi kusema kweli na hakimu aiandike ahadi hiyo. Ikisahaulika, mawakili wa rufaa wanashukuru. Ushahidi wake peke yake unaweza kutosha kumtia mtu hatiani, mahakama ikiridhika anasema kweli.

Shangazi Mtu:
Ahsanteni. Tupo hospitali ya wilaya, dawa kashaanza, PF3 tumepata. Wifi kaja mwenyewe, hakutia sahihi. Polisi wamemchukua mzee, nasikia atapewa dhamana. Kadi ya kliniki iko kwa bibi yake, nimemtuma boda. Baba mkubwa anapiga simu kila dakika, anasema karatasi anayo yeye na atawaonyesha polisi kwamba tulishaelewana.

Masjala:
Dhamana siyo kuachiwa, kesi inaendelea. Akiwasogelea au akituma watu, mwambieni mpelelezi siku hiyohiyo. Hiyo karatasi mwacheni aipeleke haraka. Mzee ameandika analipa laki nane kwa kosa gani?