Fundi wa bodi Malindi kanijazia pati juu ya kutu, Falcon ya marehemu baba inakunjika katikati

Wadau, leo hata salamu sina. Nimekasirika mpaka chai hainishuki.

Kuna fundi wa bodi hapa Malindi, jina nalihifadhi kwa sababu jambo bado liko kwa mzee wa mtaa. Nilimpelekea Ford Falcon aliyoniachia marehemu baba. Ile ya Australia, XT ya 1968, injini ya V8, yaani silinda nane, ya inchi za ujazo 302, kama lita 4.9. Usukani kulia kama magari yetu yote. Kwenye mirathi tulikubaliana dada zangu wabaki na shamba la minazi, mimi nichukue gari. Walinicheka. Sawa, wacheke.

Makubaliano na fundi yako kwenye WhatsApp, neno kwa neno: kata bati lote lililooza, chomelea bati jipya, rangi ndiyo ya mwisho. Pesa za bati na za kuchomelea nikampa kabla hajagusa kitu. Gari likarudi linametameta, buluu ile ile ya mzee. Nikalipeleka Watamu, na pale Gede V8 iliponguruma matatu zikawa zinanipisha zenyewe. Wallahi raha!

Raha yenyewe haikumaliza kusi. Mlango wa dereva ukaanza kugoma, mpaka uuinue kwa mkono ndipo ushike. Mara rangi ikatoka malengelenge chini ya mlango. Nikachukua sumaku ya spika mbovu. Kwenye boneti inang'ang'ania, kwenye paa inang'ang'ania, ikifika kizingiti cha chini ya mlango inaanguka puu. Nikachokoa kwa bisibisi. Pati tupu, ile lepe ya kusawazishia mabonde kabla ya rangi! Unene wa kidole gumba, na ndani yake kashindilia wavu wa mbu na magazeti. Nikafunua zulia. Sakafuni kaweka kipande cha bati la kuezekea nyumba, kalilaza kwa nyundo, kalipiga ribiti na kulipaka lami juu. Mikunjo ya bati bado inaonekana!

Kwa wasioijua gari hii: Falcon haina chesisi, yaani fremu ya chini, ya peke yake kama Land Rover. Bodi ndiyo chesisi. Vile vizingiti na sakafu ndivyo vinavyoshikilia mbele na nyuma pamoja. Vikioza, gari linakunjika kiunoni, na wa kwanza kukwambia ni mlango. Pati haibebi uzito wowote. Isitoshe inanyonya unyevu, na hewa yetu hii ya bahari imejaa chumvi, kwa hiyo kutu inatafuna ndani huku nje mnasifia rangi. Mtu aliyezaliwa na kukulia Pwani hilo halijui? Analijua sana. Alijua pia kwamba nitalipeleka barabara ya Mombasa na watoto wangu wakiwa kiti cha nyuma.

Nilipompigia unajua kaniambiaje? "Mwanangu, haya magari ya kizamani hayapatani na petroli ya siku hizi." Petroli na mlango wapi na wapi? Ni kweli madini ya risasi yaliondolewa kwenye petroli mwanzoni mwa 2006, na injini za zama zile bila risasi viti vyake vya valvu, pale valvu zinapokalia zikifunga, huliwa. Marehemu alishaweka viti vya chuma kigumu zamani. Na hata asingeweka, tangu lini valvu ikaoza sakafu?

Halafu nembo ya V8 ya ubavuni haipo. Anasema "ilianguka". Ilianguka mfukoni mwa nani?

Na nyinyi mnaoniandikia nitoe V8 nipachike injini ya Toyota, tulieni. Injini haina neno. Ni ukoo mmoja na 302 ya Ford Mustang ya Marekani, gasketi na pampu ya maji naagiza Marekani bila shida. Bati la XT ndilo gumu, hilo mpaka Australia au upate fundi wa kulikunja kwa mkono, na ndiyo maana nililipa mtu anayejiita fundi.

Ninataka pesa yangu ya bati na ya kuchomelea, yote. Ya rangi namwachia, akanunulie magazeti mengine. Anasema nimrudishie gari "alirekebishe". Kwa mikono ile ile? Halirudi!

Mwenye fundi wa kweli, popote kati ya Mombasa na Malindi, anitumie namba inboksi. Nataka mtu anayejua kwamba kabla ya kukata kizingiti unaliegemeza gari chini na kuibana bodi isije ikapinda. Asiyejua hilo asinitafute.

Picha ziko hapo chini. Ile ya tatu ikuzeni msome tarehe ya gazeti lililotoka kwenye kizingiti. Ni wiki ile ile aliyonitumia ujumbe kwamba "kuchomelea kumekwisha, bado rangi tu".