Mnaoandika draiva za chipu za flashi, someni datashiti (maelezo ya mtengenezaji wa chipu) kabla hamjaniletea nikague!!

Wakuu, leo sinyamazi. Kazini mimi ndo napitia draiva (programu zinazoendesha chipu) kabla hazijaingia kwenye vifaa, sasa wiki hii nimeletewa ya W25Q128JV, ile chipu ya flashi aina ya NOR ya kuhifadhi data, megabaiti 16, jamaa kaichukua draiva ya EEPROM (kumbukumbu ambayo unaandika juu ya data ya zamani bila kufuta kwanza) ya projekti nyingine kabadilisha majina tu halafu ananiambia "kaka pitisha, mezani inapiga kazi".

Mezani inapiga kazi kwa sababu chipu ni mpya! Inatoka kiwandani ikiwa imefutwa, baiti zote FF (yaani kila biti ni 1), chochote utakachoandika kitakaa. Andika tena palepale uone. Flashi hairudishi biti kutoka 0 kwenda 1 mpaka ufute kwanza, na huwezi kufuta baiti moja, inaondoka sekta nzima ya kilobaiti 4. Kwenye draiva yake hakuna komandi ya kufuta hata moja, kwahiyo data ya zamani na mpya zinapandana unasoma kitu ambacho hakuna aliyekiandika.

Lililonichefua zaidi ni la peji. Peji, yaani kipande unachoandika kwa mkupuo mmoja, ni baiti 256. Ukianzia anwani ya 250 ukaandika baiti 20, sita zinaingia vizuri, zile 14 zilizobaki HAZIVUKI kwenda peji inayofuata, zinarudi mwanzo wa peji ileile zinaharibu kilichokuwepo, na chipu haikupi kosa lolote. Hili liko kwenye datashiti, tena limeandikwa wazi kabisa!

Kwenye projekti nyingine huyuhuyu alikuwa akishafuta anaweka dilei ya milisekunde 50 basi anaendelea. Sekta kwa kawaida inafutika kwa 45 ila inaweza kufika 400, na chipu ikiwa bize komandi yako ya kuandika inaipuuza tu. Soma rejista ya hali kwa komandi 05, subiri biti ya BUSY (inayoonyesha chipu bado iko kazini) ishuke iwe 0, kuna ugumu gani?

Nimeandika maoni yote hayo, bosi anasema nachelewesha mzigo. Mwaka jana nilibanwa hivihivi nikapitisha, vifaa vikaanza kurudi kutoka saiti seting zimefutika maana umeme ulikatika katikati ya kufuta na hakukuwa na nakala ya pili kwenye sekta nyingine. Aliyeitwa ofisini kujieleza ni mimi. Aliyeandika wala hakuulizwa.

Safari hii nimeikataa mara ya tatu na sipitishi mpaka aijaze chipu yote, aifute, aandike tena kwa kuvuka peji, achomoe umeme katikati ya kufuta kisha aniletee alichosoma baada ya kuwasha.

Mnaokagua draiva huko kwenu, bosi akikubana hivi mnafanyaje?