Kunyoosha DNA kidogo sana juu ya kioo: mbona kwangu inajikunja tu?

mpwa_wa_pangani
Wakuu habari za saa hizi. Niko Tanga mjini, najishikiza kwenye maabara moja ndogo wakati nasubiri chuo, kuna jambo linanisumbua naomba mnishike mkono. Nina DNA ya lambda, ile ya kirusi cha bakteria yenye besi 48,502, imebaki maikrolita chache kwenye tyubu na kuagiza nyingine ni shughuli pevu. Nataka niinyooshe juu ya kioo niuone uzi mmoja mmoja kwa hadubini ya floresenti. Nimetumia slaidi zenye koti la amino, zile za kushikia vipande vya tishu, nikadondosha tone nikafunika, nachokiona ni madoa yanang'aa tu, kila moja limejikunyata kivyake. Rangi ya kuing'arisha DNA ni YOYO-1, DNA iko kwenye TE, ile bafa (maji ya dawa) ya kuihifadhia. Wenzangu mnafanyaje na kiasi kidogo hivi?

fundi_chumbageni
Mkuu, adui yako ni hiyo slaidi. Amino ina chaji chanya, DNA ina hasi, kwa hiyo ikigusa tu inanata mwili mzima palepale kabla haijapata nafasi ya kunyooka, ndo hayo madoa. Wewe unataka kioo kinachokataa maji, kiishike DNA kwenye ncha tu mwili ubaki unaelea. Aaron Bensimon na wenzake kule Paris mwaka 1994 walipaka kioo sileni, kemikali inayokifanya kioo kikatae maji, yenye vinaili mwishoni, ncha zikashika, halafu ukingo wa maji ukawa unarudi nyuma na kuzilaza nyuzi. Wewe mtu wa Pangani umeshaona majani ya bahari yaliyong'ang'ania jiwe, maji yakikupwa yote yanalala upande mmoja, basi ni hivyohivyo.

Utamu wake ni kwamba nguvu ya ule ukingo ni ileile kwa uzi mrefu na mfupi, kwa hiyo zote zinavutika kwa kipimo kimoja, takriban besi 2,000 kwa kila maikromita. Lambda yako kikawaida ni maikromita 16 na nusu, ikinyooshwa vizuri kwa njia hii inafika ishirini na kitu. Ukiikuta fupi kuliko hapo ujue imekatika.

Halafu TE kawaida ni pH 8, hapo ncha hazitashika kioo cha aina hii. Hamia bafa ya MES yenye asidi kidogo, pH 5.5 hivi. Ukishuka sana nako inaanza kunata mwili mzima tena, kwa hiyo tumia pH mita yenyewe, achana na vile vikaratasi.

binti_raskazone
Samahanini naingilia, mimi si mtu wa maabara 😅 hivi mkishainyoosha ndo inawasaidia nini? na silikanti, yule samaki wetu wa Tanga, mnaweza mkamnyoosha naye?

fundi_chumbageni
@binti_raskazone dada yangu, ikinyooka unapima umbali kwa macho, jini ipi iko wapi, kipande gani kimerudiwa mara ngapi. Kuna ugonjwa wa misuli unaitwa FSHD, kinachotazamwa ni idadi ya marudio mwishoni mwa kromosomu ya 4, na njia hii inatumika kuyahesabu. Silikanti jinomu yake ilishasomwa ikatoka mwaka 2013, ila hiyo ni kusoma herufi, si kunyoosha. Na samaki aliyekaa kwenye fomalini msahau kabisa, DNA yake inakuwa imegandana na kukatikakatika, nyuzi ndefu hupati.

mama_pipeti
Naona hamjamjibu mtoto wa watu swali lake, kasema ana KIDOGO. Ile njia ya kuzamisha kioo kwenye kisima cha DNA na kukipandisha kwa mota taratibu, maikromita 300 kwa sekunde, ni nzuri na inanyoosha sawasawa lakini inataka mililita nzima nzima. Mwanangu wewe fanya ile ya 1994, tone dogo juu ya kioo kilichopakwa, unafunika na kava slipi isiyopakwa kitu, tone linatandaa jembamba halafu unaliacha likauke, ukingo wenyewe unajivuta ukielekea ndani. Punguza chumvi kwenye bafa maana maji yakipungua chumvi inabaki inazidi kukolea. Wala usiogope uchache, pikogramu moja ya lambda ina nyuzi kama 19,000, na wewe unaangalia uzi mmoja mmoja. Ukiweka nyingi ndo zinapandana huoni kitu.

Shida yenu huko ni unyevu. Sileni ikikutana na unyevu wa hewa inagandana yenyewe kwa yenyewe, koti linakuwa na mabonge. Kioo kioshwe kikauke kabisa, kipakwe ndani ya chombo kilichofungwa chenye silika jeli. Halafu kabla hujapoteza DNA yako dondosha maji matupu: likisimama duara kama shanga na ukiinamisha kioo linaondoka bila kuacha alama, kioo kiko sawa. Likitandaa, kitupe. Na usinyonye DNA kwa pipeti ya ncha nyembamba kwa fujo, kata ncha kwa mkasi safi ipanuke.

mpwa_wa_pangani
Shikamoo mama, asante sana. Sileni ndo sina kabisa na bei yake loh. Hakuna mbadala?

mama_pipeti
Marahaba. Upo, polistirini au PMMA ambayo ndiyo perspeksi, unaiyeyusha kwenye toluini unapaka kioo koti jembamba, vyote vimeshaonekana vinashika ncha za DNA. Ila pH ya kila koti inatofautiana kidogo, anza na 5.5 usogee polepole. Toluini fungulia penye hewa tafadhali, si kwenye kachumba kamefungwa madirisha.

mpwa_wa_pangani
Perspeksi vipande vya kwa mafundi vibao vya maduka vinafaa?

fundi_chumbageni
Hapana bwana, vile vina rangi na madude mengine, kuna vinavyong'aa vyenyewe kwenye mwanga wa bluu utajikuta unatazama kibao unasema DNA 😂 tafuta polistirini safi ya maabara. Ukishapaka weka hapa picha ya lile tone la maji kwanza, DNA iache kwenye friji.