Nanyonyesha, nywele zinatoka na nimeletewa minoxidil. Nipake?

Mama Nasri
Habarini ndugu zangu, niko Tanga hapa Makorora, nina mtoto wa miezi mitano na nanyonyesha. Toka alipofika miezi mitatu nywele zinatoka balaa, nikichana kitana kinajaa, kwenye mto zimo, na hapa mbele pembeni ya paji ngozi inaanza kung'aa maana miaka yote mi ni wa rasta za kubana. Sasa wifi yangu wa Ngamiani kaniletea kichupa cha minoxidil 5% cha dropa, yeye kapaka zikaota kweli nimeziona. Ila nimesoma kikaratasi wanataja moyo kwenda mbio, kizunguzungu, nikakiweka kabatini. Nipake au niache? Naomba anayejua kweli maana naogopea mwanangu.

Binti wa Pangani
Pole mamii. Mi kila nikijifungua nanyonyoka hivyohivyo na zinarudi zenyewe. Fumua hizo rasta kwanza.

Mzee wa Famasia
Dada usipake, unanyonyesha. Watu wanaichukulia kama mafuta ya nywele lakini hiyo ni dawa kabisa, ilianza kama kidonge cha presha, wagonjwa wakawa wanaota nywele mpaka usoni, ndo baadaye ikatengenezwa ya kupaka, Marekani wakaipitisha 1988. Ukiipaka kuna kiasi kinapita kwenye ngozi kinaingia kwenye damu, ndo maana mjamzito na anayenyonyesha wanaambiwa wakae nayo mbali.
Halafu wewe naona una mambo mawili. Hizo zinazojaa kwenye kitana ni za uzazi, ukiwa na mimba homoni zinazishikilia nywele, ukijifungua zile zilizokuwa zitoke kidogokidogo zinatoka kwa pamoja, kwa wengi mtoto akifika mwaka zimesharudi. Zikizidi hapo kapime damu na tezi ya shingo. Hapo mbele sasa ndo pa kuwahi, ni kule kuvutwa, ukiacha kubana mapema zinaota ila ukichelewa mashina yanakufa na hakuna dawa itakayoyafufua.

Mdigo Halisi
Mkuu na sie wanaume wa upara? Mi nina vidonge vya presha natumia.

Mzee wa Famasia
Kaka wewe muone daktari wako kwanza, usianze kimyakimya. Akikuruhusu, ni mililita moja asubuhi na moja jioni, kwenye ngozi kavu isiyo na kidonda, sio kwenye nywele, na kuzidisha hakuharakishi kitu. Nawa mikono, subiri ikauke kabla hujalala isije ikahamia kwenye mto ikamgusa mama watoto usoni akaota ndevu. Ina spiriti, usipakie karibu na jiko. Na kama nyumbani mna paka ndo kabisa, akilamba hata kidogo inaweza kumuua.
Wiki za mwanzo nywele zinaweza kutoka zaidi, wengi wanaacha hapo, matokeo subiri kama miezi minne. Ukiacha, zilizoota zinaondoka tena, kwa hiyo ujue ni gharama ya kila mwezi. Ukisikia kifua kinauma, moyo unakimbia au miguu inavimba, acha siku hiyohiyo uende hospitali.

Binti wa Pangani
Na kwa wanawake asilimia tano si kali?

Mzee wa Famasia
Ya maji kwa mwanamke kawaida ni 2%, hiyo 5% ya maji imeandikwa ya wanaume, mwanamke anaota vinyweleo usoni kirahisi. Huyo wifi naye aulize. Na kama zinatoka kwa mabaka mabaka, au kichwa kina magamba na kinawasha, hiyo sio kazi yake, inaweza kuwa fangasi.

Mama Nasri
Allah akulipe kheri. Rasta nafumua leo, kichupa namrudishia wifi na nitamwambia, Jumatatu naenda Bombo kuulizia daktari wa ngozi. Mafuta ya nazi je naruhusiwa?

Mzee wa Famasia
Paka tu dada, yanalainisha nywele zisikatike. Kuotesha hayaoteshi.