Kutengeneza kadre ya kinga (baiskeli) mu lupango: nianzie wapi?

mwana_katuba

Bandugu jambo yenu. Niko huku Lubumbashi, mu Katuba, na minataka kuuliza bale benye kujua vyuma. Munaonaka bayaya benye kuleta makala na kinga kutoka njia ya Kasenga na ya Kipushi, saki zimepangwa nyuma mupaka juu ya kichwa, banasukuma tu, kupanda hapana. Ni zile kinga za 28 za freni ya vyuma (inavutwa na muti wa chuma, sio kabule), banaongezaka feri ya beto pembeni ya furshe (mikono miwili yenye kushika gurudumu la mbele) na ku porbagaji, na bado kadre inapasuka, ao ku shingo ao kule nyuma karibu na pedalie (kwenye ekseli ya pedali inapita). Mukubwa wangu njo kazi yake, na kadre yake imesudewa juu ya sudire mupaka sudere mwenyewe anasema haina tena fasi ya kutia bageti (kijiti cha kusude).

Sasa mi nawaza hivi, kuliko kununua ingine ya okazioni yenye nayo iko na makovu, juu ya nini nisitengeneze kadre mupya mu lupango? Ikuwe murefu nyuma, muzigo ukae mbele ya ekseli ya gurudumu la nyuma, sio kuning'inia.

Bintu biko: musumeno ya chuma, tupa mbili, shinyole ya mukono (ya kutoboa), eto kidogo (ya kubana chuma), na jirani iko na posti (mashine) ya kusude. Ku soko minaona tuyo za mayi za galvanize za demi-puse (nusu inchi), na tuyo kare za kufanya milango. Nichukue gani? Na zile pembe za kadre batu banazitoaka wapi, kuko kipimo?

chukudu_wa_goma

Ndugu yangu acha kujisumbua hahaha, kuya Goma tukupatie chukudu, kinga yetu ya mbao ya kusukuma. Mbao ya mukaratusi, magurudumu ya mbao yamevishwa mpira wa tairi, pedali haina, sheni haina, kadre ya kupasuka haina, na inabeba viazi na makabichi kutoka Kibumba kushuka mupaka mu mji. Sisi huku tuliijengea ata sanamu ya rangi ya zahabu kwenye rondpwe, nyinyi wa Lubumbashi munangoja nini kujengea kinga ya makala?

mwana_katuba

Hahaha yaya, lakini huko kwenu unashuka na mulima, huku kwetu ni tambarare, nani atasukuma hiyo mbao yote kutoka njia ya Kasenga.

papa_wa_likasi

Mwana, swali yako ni muzuri ila umeanzia ku tuyo na tuyo njo kitu ya mwisho. Mu kadre kuko fasi tatu zenye hauwezi kutengeneza na tupa: kisanduku cha pedalie, shingo kwenye furshe inazungukia, na pate za nyuma (vibati vya kufungia gurudumu) kwenye mwaye (kitovu cha gurudumu) inaingia. Pedalie iko na meno ya ndani. Kwa hizi kinga zetu kisanduku ni cha milimetre 68 upana, meno 24 mu puse moja, na upande wa sheni inafungika kinyume. Chombo cha kukata hayo meno kwenye lupango haiko, na ukikipata bei yake inazidi kinga nzima. Kwa hiyo unatafuta kadre yenye ilikufa, ata iwe ilipasuka vibaya namna gani, unakata na musumeno unabakiza hizo fasi tatu. Na mi ningeacha ile tuyo ya kiti imeshikana na pedalie yake vile vile, juu inapashwa kuwa ya mviringo ili bomba ya kiti iingie, na kile kiungo kilifanywa ku fabriki kwa lato (shaba ya manjano), kiko nyoofu kuliko chenye wewe utafanya.

Pembe nazo haina haja ya kipimo. Laza kadre nzima ya namna ile ile (azima ya jirani) juu ya simenti, chora na shoki pembeni yote, weka alama katikati ya ekseli ya mbele, ya nyuma na ya pedalie. Hiyo michoro njo gabari yako. Kadre hizi za 28 ziko za kulala, shingo iko karibu digri 67 ao 68, kinga za mbio ziko karibu 73. Usijaribu kusimamisha shingo juu uliona kinga ya mbio iko hivyo, na muzigo itakukimbilia ku mukono. Murefu ongeza nyuma peke yake, kati ya pedalie na ekseli, sentimetre kumi inatosha.

Tuyo za mayi za galvanize, acha. Sababu ya kwanza ni zenki. Chuma kikipata moto zenki inageuka moshi mweupe, ukiuvuta, mangaribi unapata homa na kutetemeka sawa malaria, na basudere benye kukunywa maziwa eti inakinga banajidanganya, maziwa inaenda mu tumbo, moshi uko mu mapafu. Sababu ya pili, ile demi-puse iko nyembamba na ukuta wake munene, milimetre 21 nje na ukuta wa mbili na nusu hivi, ni uzito wa bure. Ugumu wa tuyo unatoka ku upana. Ukizidisha upana mara mbili na ukuta ubakie ule ule, uzito unakuwa mara mbili lakini ugumu wa kukatala kupinda unakuwa karibu mara nane. Njo maana kadre ya fabriki iko na tuyo pana ya ukuta mwembamba.

Kwa wewe mwenye kuanza, chukua kare. Milimetre 30 kwa 30 ukuta 1.5 kwa tuyo ya juu na ya chini, 20 kwa 20 kwa nyuma. Watu watacheka ni mulango, bacheke. Kare inakatika na musumeno moja kwa moja, lakini ya mviringo inapashwa ikatwe ncha sawa mudomo ya samaki ikumbatie ingine, na nafasi ikibakia ya milimetre moja bageti inatoboa. Hata na kare, kwenye inagusa tuyo ya kiti na shingo utapiga tupa ya nusu-mviringo, na hapo usichoke: kanda ya karatasi, alama, tupa, jaribu, tupa tena, mupaka mwangaza haupiti. Sudire haijazi shimo, sudire inashika vyuma vyenye vinagusana.

sudere_kampemba

Papa amesema vizuri, mi naongeza ku posti. Bageti ya milimetre 2, usiguse ya 3.2 ya milango. Ampere kati ya 45 na 60 uanzie chini, jaribu kwanza ku vipande vya tuyo ile ile, sio ku kadre. Na angalia kuranti. Mangaribi wakati kila mutu amewasha reshoo, volti inashuka, bageti inanata, unapandisha ampere, kiisha kuranti inarudia na unatoboa tuyo. Fanya asubuyi sana ao usiku wa manane.

Usisude kona moja mupaka mwisho. Piga pwe (nukta ndogo za sudire) ine ku kila kiungo, zenye kuangaliana, kiisha pima, kiisha unaenda vipande vifupi huku na huku, juu chuma kinajikunja kuelekea upande wenye ulipata moto. Na ukimaliza usimwangie mayi ipoe haraka! Batu banapenda ile sauti ya shhh. Kiungo kinakauka kigumu na kinakuja kupasuka pembeni ya sudire, kule kule kwenye unalalamika. Wala usipige meleze (mashine ya kusaga chuma) juu ya sudire ili ikuwe laini ya kupendeza, unatoa chuma chenye kilikuwa kinashika.

Kama unapata mwenye shalimo (moto wa gesi), lato na boraksi, kwa viungo vya shingo na pedalie mi ningelipa afanye na lato. Lato inayeyuka karibu digri 900, chuma 1500 na kitu, kwa hiyo tuyo haitoboki. Kama tuyo inafungwa pande zote, toboa kashimo kadogo mahali, hewa ya ndani ikipata moto inasukuma lato inje na utashangaa juu ya nini haishiki.

mwami_mianzi

Mimi niko Bukavu na ninashangaa hakuna mwenye amesema bambu. Ghana wanatengeneza kadre za bambu na wanauza mupaka Ulaya, na kazi yake ni ya vyombo vidogo kabisa: musumeno, tupa, msasa, gundi ya epoksi na nyuzi za katani. Unakausha bambu kwa miezi, unachagua yenye ukuta munene, unaunganisha kwa gundi kwanza, kisha unazungusha katani yenye kulowa epoksi kwenye kiungo, unaikaza sana na mpira wa shambereri, ikikauka unapiga msasa. Kuranti haina haja. Lakini munielewe, musiende kukata kwenye parke ya Kahuzi-Biega, bambu ya kule ni chakula cha ngila, katafute ya kupandwa.

papa_wa_likasi

Ndugu wa Bukavu, ni kazi nzuri na ata mimi ninaipenda, ila ata kadre ya bambu inataka zile fasi tatu za chuma, kwa hiyo huyu kijana ataanza na kukata kadre ya zamani vile vile. Na epoksi huku Lubumbashi ni bei, kwa kadre moja unanunua tuyo kare za kadre tatu. Kwa mutu wa kupanda kwenda kazi, ndiyo. Kwa saki za makala juu ya matelemuko na mashimo na jua la mwezi wa kumi, mimi hapana.

mwana_katuba

Aksanti bakubwa. Nimeelewa kare. Swali mbili: nikiongeza hiyo sentimetre kumi nyuma, sheni na freni inakuwaje? Na nitajua namna gani kama kadre iko nyoofu, jirani haina meza ya chuma.

papa_wa_likasi

Sheni inapita juu na chini, kwa hiyo kumi inakuwa makumi mbili. Kila kipande cha sheni ni nusu puse, 12.7, hesabu unapata kumi na sita. Nunua sheni ya pili uikate, na uangalie ikuwe ya unene moja na ya kwanza. Freni ya vyuma ya nyuma, ule muti wake utakuwa mufupi. Kuunganisha muti ni kazi ya kuchokesha, mi ningeutupa nitie freni ya kabule, na mahali pa kufunga freni upasude mbele ya rangi. Lakini ikuwe freni kweli. Kinga yenye muzigo bila freni ku matelemuko ni kifo, ata kama unasukuma.

Unyoofu unapima na kamba. Funga kamba ku pate moja ya nyuma, ipite pembeni ya shingo, izunguke, irudie ku pate ya pili, uikaze sana. Sasa pima kutoka kamba mupaka ku tuyo ya kiti, kushoto na kulia. Lazima iwe sawa. Ikiachana zaidi ya milimetre mbili, rudisha wakati iko na pwe tu, haujamaliza sudire. Kiisha tia gurudumu la nyuma (bila tairi, moto uko karibu), ligeuze kushoto kwenda kulia, kama mara zote mbili linakaa katikati, pate ziko sawa. Na upana kati ya pate pima ku mwaye yako mwenyewe, kuko za 110, kuko za 120, kuko za 135, kila moja na yake.

mwana_katuba

Na furshe? Nifanye nayo?

sudere_kampemba

HAPANA. Furshe nunua. Kadre ikipasuka unasikia mbele inalia, inacheza, unashuka. Furshe ikikatika unakula simenti na meno, haina kuonya.

papa_wa_likasi

Niko pamoja naye. Mbele ya kupaka rangi, weka kinga imesimama, funga saki za mchanga nyuma za uzito unaobeba kila siku na kidogo juu yake, sukuma ku barabara mbaya ya karibu na nyumba, rudia, pangusa kila kiungo na kitambaa, angalia na tochi pembeni ya sudire, sio juu yake. Kiisha paka rangi ya kwanza nyepesi na nyeupe, juu mupasuko unaandikaka laini nyeusi juu ya nyeupe. Mukubwa wako aangalie hiyo mistari kila poso wakati anapangusa vumbi. Rangi ya kupendeza atatia kisha.

mama_reyo

Mimi ninauzaka bipande ku soko ya Kenia. Kadre za 28 zenye zilikufa ziko nyuma ya meza yangu, moja shingo yake iko mzima na pedalie iko na vikombe vyake ndani, usivitoe wakati wa kusude, vinakinga meno yasijikunje. Kuja asubuyi mbele ya jua, tusikilizane bei, na lete ule mwaye tupime.