MKASI! Kwenye Ms. Pac-Man nzima! Huyu jamaa afungiwe sebuleni na viboksi vyake

Wakuu, leo sina salamu.

Yule bingwa wetu wa kurejesha mashine za zamani za gemu, mnamjua, yule wa taa za rangi kila wiki, safari hii kaangukia Ms. Pac-Man ya 1982. Kabati la mtu mzima, plaiwudi kavu, michoro ya ubavuni haijachubuka. Na inawaka. INAWAKA! Ugonjwa wake ni picha kuyumba tu. Jamaa kachukua mkasi. Si koleo, si bisibisi, mkasi wa jikoni wa kukatia pakiti za maziwa. Kakata waya zote za soketi ya pini 44, ile inayochomekwa kwenye bodi ya gemu, huku anajirekodi na kucheka.

Picha kuyumba kwenye G07, monita yake ya tyubu, ni kapasita zimekauka. Seti nzima haizidi dola 20. Ile kubwa ya filta mara nyingi haimo kwenye seti, unaiagiza pembeni. Unatoa kwanza umeme uliolala kwenye tyubu: bisibisi iliyofungwa waya kwenye fremu, unaipenyeza chini ya kile kikombe cha raba, mkono mmoja mfukoni. Unabadilisha kapasita, unarudia kulehemu pini za plagi kwenye chasisi maana zile hupasuka risasi, unapima B+ (umeme mkuu wa monita) ikae volti 120. Umemaliza, unakunywa chai. Yeye: MKASI.

Halafu katoa tyubu kwa kuivuta shingo. Shingo ikakatika, hewa ikaingia, ile getta, doa la rangi ya fedha ndani ya tyubu, ikageuka nyeupe. Akaandika "ilikuwa imeshakufa". Pale kwenye tundu la inchi 19 kapachika skrini flati ya inchi 17 aliyoing'oa kwenye kaboksi ka robo tatu (vile viigizo vya dukani, robo tatu ya kabati halisi), mapengo kaziba na kadibodi. Gemu lenyewe ni nukta (pikseli) 224 kwa 288. Skrini ina 1024 kwa 1280. Ukikuza mara 4 kamili unapata 896 kwa 1152 na fremu nyeusi pembeni, picha safi. Yeye kaivuta ijae, nukta nyingine nene nyingine nyembamba, Sue, lile zimwi la rangi ya chungwa, ana jicho moja kubwa kuliko jingine. Kaweka sokoni dola 1,900, "orijino".

Alipoambiwa, kajibu: "Wazee wa vichogo (skrini za tyubu) mnalinda makaburi, hata kadogo ka dola 400 kanacheza vilevile." Kanacheza vilevile! Na mkasi bado kaushika mkononi!

Batani Bovu: Bila picha huu uzi ni batili.

Mleta uzi: Nikiweka picha atajulikana.

Batani Bovu: Kwani kuna asiyemjua?

Kichogo Mstaafu: Mleta uzi, povu ni jingi, ila hiyo soketi ingebadilishwa tu. Bodi ya Pac-Man inapokea AC ya volti 7 hivi na kuigeuza DC humohumo kwenye bodi, kwa hiyo mkondo mkubwa wote unapita kwenye pini zile. Zinaungua, zinakuwa nyeusi, mashine inajizima na kujiwasha. Nunua soketi mpya ya pini 44, nafasi 3.96 mm, hamisha waya mmoja mmoja. Kama kakata karibu na soketi, hasara ni sentimita 3.

Mleta uzi: Sentimita 3 kwa MKASI, mkuu.

Robo Tatu Daima: Semeni yote. Kabla viboksi havijaingia madukani 2018, kila mwenye kompyuta mbovu na MAME (programu ya kuchezea magemu ya zamani) alikuwa anachinja kabati zima ili apate sanduku. Sasa mtu huyohuyo ananunua kaboksi, anakaunga jioni moja, anaacha makabati yenu. Mnapaswa kuvishukuru.

Kichogo Mstaafu: Nitavishukuru siku MDF yake (ubao wa unga wa mbao) ikilowa isivimbe kama andazi. Wenye navyo: pakeni vanishi kingo za chini KABLA ya kuunga, na mviwekee miguu ya raba. Mkipiga deki mara moja tu bila hivyo, kwisha habari.

Kona Kali: Mimi kinachoniudhi ni joistiki. Pac-Man ni gemu la njia 4, kwenye viboksi vingine wanakuwekea ya njia 8. Unasukuma kushoto, mkono unateleza kidogo, inasoma kushoto na juu kwa pamoja, zimwi limeshakula. Weka joistiki ya Sanwa JLF, legeza kile kisahani cha chini, kizungushe nyuzi 45, inakuwa njia 4. Plagi yake ina pini 5 na kaboksi kako huenda kana plagi nyingine, angalia kwanza ndipo ununue.

Batani Bovu: Na rangi ya paneli ya vitufe inayochubuka kwa kiganja? Toleo la kwanza lile. Kata pleksi ya mm 1, toboa matundu, funika. Mtengenezaji alishindwa nini?

Bongo Pikseli: Samahani nje ya mada. Nipo Dar, ndugu ananiletea kaboksi kutoka Marekani. Umeme hautanikaanga?

Kona Kali: Soma adapta. Ikiandikwa 100-240V unabadilisha kichwa cha plagi tu.

Kichogo Mstaafu: Kabati kubwa ndiyo kazi. Linataka volti 120, tafuta stepudauni (transfoma ya kushusha volti) ya wati 500, usibane. Na usije ukaruka ile transfoma ya kutenganisha iliyo ndani, chasisi ya G07 bila hiyo ni umeme wa ukutani mtupu.

Mleta uzi: Jamani, mkasi.

Bongo Pikseli: Asante mzee. Na kabati kubwa linasafiri kwa meli?

Robo Tatu Daima: Linasafiri, ila wapakiaji watakulazia chali. Toa bodi, toa glasi ya juu, zifunge peke yake. Ya mwisho niliyoiona imefika, transfoma iling'oka sakafuni ikatwanga bodi.

Bongo Pikseli: Wakala gani wa mizigo?

Batani Bovu: Usiulize wakala, wote wezi. Kuna mmoja, mnamjua...

Kona Kali: Yule wa kupima kwa jicho?

Batani Bovu: HUYOHUYO. Mods, hamishieni huu uzi kule kwenye mizigo.