Kromu ya ekzosi (bomba la moshi) ya pikipiki CG 125 imeshika kutu, rangi ya kuhimili moto itakaa?

mkazi_wa_raskazone: Wakuu habari za muda huu. Nina Honda CG 125 aliyoniachia marehemu mzee, nipo Tanga karibu kabisa na bahari na chumvi ya huku mnaijua, kromu ya ekzosi imeanza kubanduka magamba hasa upande wa chini. Mwezi uliopita nilipuliza rangi nyeusi ya kopo ile ya kawaida, ikapendeza kweli, nikaenda nayo Muheza na kurudi nikakuta karibu na injini imetoa mapovu na inanuka kuungua, kule nyuma nako ukikwangua na kucha inatoka kama ganda. Sitaki kuitupa maana haina tundu hata moja na ndo ileile aliyoitumia mzee. Naambiwa ipo rangi inayohimili nyuzi 600, je nikiipuliza juu ya kromu hivohivo itakaa?

fundi_ekzosi: Pole kwa msiba mkuu. Hapo una mambo mawili usiyachanganye. Mbele rangi imeungua, ile ya kawaida haiwezi moto wa pale bomba linapotoka kwenye kichwa cha injini. Lakini nyuma haikuungua, haikushika tu, na hata ukinunua ya nyuzi 600 itabanduka vilevile usipoikwaruza hiyo kromu, kwa sababu kromu ni laini kama kioo na rangi inataka pa kung'ang'ania. Ifungue yote, toa magamba na brashi ya waya mpaka yaishe, halafu msasa namba 120 kisha 220 mpaka kusiwe na sehemu inayong'aa hata kidogo, ukiona mng'ao ujue ndo patakapoanza kubanduka. Futa na thina kwa kitambaa kisafi mara mbili na baada ya hapo usiishike na mkono mtupu, mafuta ya vidole yanaharibu kazi. Praima ya kawaida (rangi ya kutangulizia chini) usiweke wala puti ya kuziba mashimo usiweke, vinaungua chini kwa chini na rangi yako nzuri inaondoka navyo.

boda_mstaafu: Naongezea, kama kuna mtu anapiga mchanga kwa kompresa mpelekee, inaingia hadi kwenye mikunjo ambako msasa haufiki, ila azibe midomo yote ya bomba kwanza. Na tafadhali asikudanganye mtu utoe kromu kwa asidi nyumbani, ule mvuke unaumiza mapafu. Hata kwa msasa vaa barakoa.

mkazi_wa_raskazone: Asanteni sana. Nikishapuliza naiacha siku ngapi ndo niwashe?

fundi_ekzosi: Soma kopo lako maana zinatofautiana, ila kwa kawaida unapuliza nyembamba mara tatu, kila mkono (tabaka) unaupa kama dakika 15 ukauke, ukipuliza nene itachuruzika na kutoa mapovu tena. Ilaze usiku mzima. Hii rangi haikomai kwa kukauka tu, inakomaa kwa moto, na moto wenyewe unaupandisha taratibu. Washa dakika 5 bila kuvuta mafuta, zima ipoe kabisa, washa tena dakika 10, ipoe, halafu zunguka nayo mtaani polepole kama dakika 20. Usiiache inaunguruma muda mrefu imesimama, injini hiyo inapozwa na upepo. Itatoa moshi na harufu, usishtuke, ila fanyia nje. Na kabla haijapata huo moto petroli isiidondokee, inaifuta.

boda_mstaafu: Gasketi, ile pete ya kuziba pale bomba linapokutana na kichwa cha injini, nunua mpya wakati wa kurudisha, ya zamani ikishafunguliwa mara nyingi inavujisha moshi na moshi huo unaichoma rangi palepale.

mkazi_wa_raskazone: Nimeelewa. Jumamosi naifungua, nati zake zimeshika kutu kwa hiyo naanza kuzimwagia mafuta ya kulegeza kutu leo usiku zisije zikakatika.

fundi_ekzosi: Vizuri, na zimwagie tena kesho. Zikigoma usizilazimishe zikiwa za baridi.